Nyumba Inayoitwa Simba

"Simba mwenyewe yuko wapi?" mpwa wangu aliniuliza.

Tulikuwa katika uwanja wa Makumbusho ya Kisumu, ndani ya boma la Kiluo lililojengwa pale na kupewa jina la Ber-gi-Dala. Alikuwa ameinama mlangoni pa nyumba ndogo ya udongo, mkono mmoja umeshika fito za paa, anachungulia gizani. Katika maelezo ya nyumba ile palikuwa na neno moja alilolitambua mara moja: simba. Muda mfupi kabla ya hapo tulikuwa tumemtazama simba aliyekaushwa ndani ya jengo kuu, amemrukia nyumbu mgongoni, kisha tukapita penye nyoka na mamba. Kijana aliyezaliwa Nairobi na anayeota ndoto zake kwa Kiswahili angetarajia nini kingine?

Nikamweleza kwamba kwa Dholuo simba ni nyumba ya mvulana aliyekua lakini hajaoa. Hujengwa upande wa lango la boma. Mwenyewe hulala humo, marafiki zake huwapokea humo, na humo ndimo anamoanza kujifunza kuwa mwenye nyumba.

"Wewe una miaka 15," nikamwambia. "Hapa ungekuwa na yako tayari."

"Yangu peke yangu? Na mlango wake?"

Akaingia. Alikaa sakafuni, akanyoosha miguu kupima kama angeenea, akatazama juu kwenye nyasi za paa. Hakutoka upesi. Kundi la watoto wa shule ya msingi lilikuwa likipita, mwalimu wao akiwahimiza waandike majina ya nyumba zote kwenye madaftari: nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, ya nyachira, wa pili, ya reru, wa tatu, duol, kibanda cha mzee wa boma. Waliandika, wakaondoka. Hakuna aliyeingia ndani ya nyumba hata moja. Makumbusho haya yamefunguliwa tangu 1980, na nadhani maelfu ya watoto wamepita hivyo hivyo, kalamu mkononi, macho kwenye daftari.

Safari hii niliifikiria tangu Januari 2025, alipofariki Profesa Bethwell Allan Ogot, mwanahistoria aliyezaliwa Gem, huko Siaya. Nilipomtajia mpwa wangu jina hilo, hakuwa amewahi kulisikia. Sikumlaumu. Baba yake, ambaye ni mdogo wangu, amekaa Nairobi miaka 20 sasa. Mama yake ni Mgusii. Nyumbani kwao huzungumzwa Kiswahili na Sheng. Dholuo huisikia kama mtu anavyosikia mvua inayonyesha mtaa wa pili: anajua inanyesha, lakini haimloweshi. Nikamwomba kwa wazazi wake likizo ya Agosti, tuizunguke pwani ya ziwa kwa siku tisa. Sikutaka kumfundisha historia. Nilitaka kuona ni nani anayewafundisha vijana wa huku, na kwa njia gani, maana njia ya zamani tumeifunga.

Njia hiyo ya zamani ilikuwa na nyumba zake. Jioni wavulana walikaa kwenye duol na wazee, kando ya moto, wakisikiliza mashauri, vita vilivyopita na mipaka ya mashamba. Wasichana na watoto wadogo walilala siwindhe, nyumba ya mama mkongwe aliyeitwa pim. Wanahistoria David William Cohen na Atieno Odhiambo, katika kitabu chao juu ya Siaya kilichotoka 1989, walimpa pim nafasi kubwa, na kwa haki. Huyu bibi, ambaye mara nyingi asili yake haikuwa ya ukoo ule, ndiye aliyewaeleza watoto nani ni ndugu na nani anaoleka, mito inaitwaje, nani alihama kutoka wapi na kwa ugomvi gani. Aliwafunza kwa vitendawili na ngano, usiku, kwa sababu mchana ni wa kazi. Kisha shule zikaja, za bweni hasa, watoto wakaondoka siwindhe, na pim akabaki na nyumba tupu. Leo tunalalamika kwamba vijana hawajui kwao. Tumebomoa darasa, halafu tunawalaumu wanafunzi kwa kutohudhuria.

Ogot mwenyewe alifanya kazi ya pim kwa vyombo vya chuo kikuu. Wakati ambapo wasomi wengi wa Ulaya walishikilia kwamba pasipo maandishi hapana historia, alizunguka kwa wazee wa Waluo, akawauliza, akaandika walichosema, akalinganisha ukoo na ukoo. Kitabu chake juu ya historia ya Waluo wa kusini kilichapishwa 1967. Nilikibeba mkobani safari nzima. Ninachokipenda zaidi ndani yake ni jinsi kilivyopatikana: kijana aliyesoma alirudi kwa wazee akiwa na maswali.

Mjini hatukukaa sana. Nilimpeleka mpwa wangu karibu na bandari, nikamwonyesha reli iliyofika hapa kutoka Mombasa tarehe 20 Desemba 1901, kituo kikaitwa Port Florence kwa jina la Florence, mke wa Ronald Preston, mmoja wa wahandisi wa reli hiyo. Nikamweleza kwamba wenyeji walikuwa na jina lao, linalotokana na kisuma, safari ya kwenda kubadilishana bidhaa ili kupata chakula. Alitikisa kichwa kwa adabu tu. Kilichomshika ni meli iliyoitwa William Mackinnon, iliyotengenezwa Uingereza, ikaletwa vipande vipande, na vipande vingine vikasafiri vichwani mwa wapagazi kutoka pwani kabla ya kuungwa hapa na kuteremshwa majini mwaka 1900. "Meli kichwani?" aliuliza mara tatu. Alitaka kujua waliibeba vipi mvua ikinyesha, na walilipwa ngapi. Sikuwa na jibu, naye akaandika maswali hayo kwenye simu yake. Hapo ndipo orodha yake ilipoanzia.

Ufuoni Dunga tulifika alfajiri. Vijana wa ufuo ule, wengine watoto wa wavuvi, wamejipanga miaka mingi sasa kuwatembeza wageni kwenye kinamasi cha mafunjo, na aliyetupeleka alikuwa kijana mrefu aliyevaa buti za mpira. Alipiga kasia polepole. Kila ndege aliyelia alimtaja kwa Dholuo kwanza, kisha kwa Kiingereza, kisha akatafuta Kiswahili chake. Alituonyesha mahali ambapo bibi yake alikuwa akikata mafunjo ya kusukia mikeka, akatueleza ni mashina yapi hukatwa na yapi huachwa ili yachipuke tena. Nilimuuliza kama alifunzwa hayo na bibi. Akasema hapana, alipoanza kuwatembeza wageni waliuliza mambo asiyoyajua, akaona aibu, akarudi kwa bibi kuuliza.

Nililiandika jibu hilo jinsi lilivyo. Lakini niandike na hili: kijana yule alikuwa amekaa siku nne bila mgeni. Mapenzi ya kwao hayalipi karo ya mdogo wake, na anayetaka vijana washike urithi awe tayari kuuliza pia wanakula nini.

Siku ya tatu tulipanda matatu ya Bondo, tukashuka upande wa Seme, kwenye Kit Mikayi. Mtu akisimuliwa habari za mawe haya hatarajii ukubwa wake. Yamepandana kwenda juu kama nyumba za ghorofa zilizojengwa na mtu mwenye haraka, kila moja limeegemea jingine, na kati yake kuna mianya ambamo watu hupita kwa ubavu. Siku ile akina mama wa Legio Maria, kanisa lililozaliwa huku huku Nyanza miaka ya 1960, walikuwa ndani ya mwanya mmoja wakisali. Tulipopita karibu, waliotuongoza walishusha sauti bila kuambiwa.

Walikuwa wawili, mvulana na msichana, wote wa kijiji cha pale. Mvulana ndiye aliyeanza. Palikuwa na mzee anayeitwa Ngeso, akasema, aliyeyapenda mawe haya kupita kiasi. Kila asubuhi aliingia pangoni, akashinda humo hadi jioni, mkewe akimletea chakula. Watu wakimuuliza yule mama mumewe yuko wapi, alijibu: amekwenda kwa mikayi wake. Jiwe ndilo lililokuwa mke wa kwanza. Ndipo jina lilipotoka, maana kit mikayi ni jiwe la mke wa kwanza.

Msichana alikuwa amesubiri kwa utulivu amalize. "Kwetu tunalisimulia hivyo," akasema, "lakini bibi yangu huongeza." Akaonyesha kwa kidole: lile kubwa ni mikayi, lile ni nyachira, lile la pembeni ni reru, na yale madogo ni watoto. Mawe yenyewe ni boma.

Mpwa wangu alikuwa kimya muda wote. Akageuka, akatazama mawe, akatazama nyuma tulikotoka.

"Basi lango liko wapi?"

Viongozi wetu wakatazamana. Ni wazi hakuna mgeni aliyewahi kuwauliza hivyo. Lakini swali lilikuwa halali kabisa, maana nyumba ya mikayi hutazama lango la boma. Tulikuwa tumeiona hivyo Ber-gi-Dala siku mbili kabla. Kama jiwe lile ni mikayi, lango lazima liwe mahali fulani mbele yake. Msichana alisema ni upande wa barabara. Mvulana alisema haiwezekani, barabara ni ya juzi, lango litakuwa upande wa mteremko. Wakaanza kuzunguka mawe wakibishana, mpwa wangu katikati yao, mara anapanda, mara anashuka, na mimi nikaketi kivulini. Waliporudi, msichana alikuwa ameamua kumuuliza bibi yake jioni hiyo, na mpwa wangu akampa namba yake ya simu ili aletewe jibu. Nilimwona akiandika kwenye orodha yake: lango, Kit Mikayi. Na chini yake: simba iko wapi?

Kutoka Luanda K'Otieno tulivuka ghuba kwa kivuko hadi Mbita, pamoja na malori, mbuzi na magunia ya omena yaliyotutia harufu nguo zote. Rusinga, ng'ambo ya Mbita, tulifika kwenye kaburi la Tom Mboya, lililojengewa jengo lenye umbo la risasi. Mpwa wangu anaijua Tom Mboya Street kwa sababu ya matatu. Kwamba mtu mwenyewe alipigwa risasi mjini Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa na umri wa miaka 38, kwamba alisaidia mamia ya vijana kupata ndege na masomo Marekani, na kwamba alirudishwa kisiwani huku kuzikwa na baba zake, hilo alilisoma ukutani akiwa amesimama, mikono nyuma. Kisiwa hicho hicho ndicho Mary Leakey alikookota fuvu la Proconsul mwaka 1948, nyani wa kale wa miaka kama milioni 18. Tulipita haraka. Mashua ya Mfangano haikuwa ya kungoja mtu.

Mfangano nilitaka kukaa, na tulikaa siku mbili.

Wasuba wa kisiwa hiki ni Wabantu. Mapokeo yao yanasema wazee wao walivuka ziwa kutoka upande wa Uganda ya leo, wakikimbia vita vya kugombea kiti cha Kabaka wa Buganda. Lugha yao, Olusuba, ni ndugu wa Luganda. Lakini baada ya vizazi vya kuoana na Waluo, kufanya nao biashara, kusali na kusoma kwa Dholuo, lugha ilianza kuwatoka vinywani. Wapo wazee wanaoizungumza na wajukuu wanaoielewa nusu nusu. UNESCO imeihesabu kati ya lugha zilizo hatarini.

Ndiyo sababu nilisimama ghafla dukani siku ya kwanza, karibu na ufuo. Mama mwenye duka, mzee wa nywele nyeupe, alikuwa akipima sukari huku redio ikizungumza juu ya rafu. Sauti ilikuwa ya kijana, tena kijana mdogo. Katikati ya maneno yake mama aliacha kupima, akaigeukia redio, akasema neno moja kwa nguvu, kisha akalirudia taratibu, kama anayemlisha mtoto. Nikamuuliza kuna nini. "Huyu mtoto," akasema kwa Kiswahili, "amesema vibaya. Amechukua neno la Kijaluo akalivisha nguo ya Kisuba. Nitampigia."

Ilikuwa redio ya vijana inayotangaza kwa Olusuba, iliyoanzishwa na kituo cha jamii cha Ekialo Kiona hapo kisiwani. Jina hilo maana yake ni dunia yote. Mpwa wangu, ambaye kwa siku tano alikuwa amesikiliza Dholuo bila kuambulia kitu, alilirudia jina mara mbili mbili, kisha akaniambia: "Shangazi, hii naisikia. Ki, ki. Ekialo kiona. Kama kijiji chote, ki na ch." Alikuwa amegundua upatanisho wa ngeli kwa sikio lake mwenyewe, kitu ambacho mwalimu wake wa Kiswahili humfundisha ubaoni akisinzia. Mama mwenye duka alifurahi sana, akampa peremende, akaanza kumtajia vitu vya dukani kimoja kimoja kwa Olusuba, naye akijaribu kukisia ni kipi.

Nimehudhuria makongamano mengi kuhusu lugha zinazokufa. Husemwa huko kwamba vijana wameziacha. Pale dukani niliona kijana aliyekubali kukosea mbele ya kisiwa kizima, na mzee aliyekubali kumsahihisha kwa gharama ya salio lake la simu. Sijui darasa bora kuliko hilo.

Kesho yake tulikwenda kwenye makumbusho ya jamii ya Abasuba, moja ya makumbusho ya amani yaliyochipuka nchini kutokana na kazi aliyoianza Sultan Somjee miaka ya 1990, alipowahimiza watu wakusanye wenyewe vyombo vyao vya kupatanisha. Kutoka hapo, kijana mmoja alitupeleka pango la Mawanga. Njia ilipita kwenye mashamba ya mahindi, kisha ikapanda penye miamba. Pango si la kina, ni kama kipaji cha uso cha mlima kilichojitokeza mbele. Kijana alitusimamisha nje, akampa mpwa wangu tochi, akamwambia: "Mimi sisemi kitu. Wewe kwanza nenda, urudi uniambie umeona nini."

Akaenda. Tulimsikia akinyamaza. Aliporudi alisema ameona duara ndani ya duara ndani ya duara, nyekundu na nyeupe, na nyingine ina miali kama jua, na nyingine inazunguka kama maji yanayoingia kwenye shimo. "Na kuna mahali," akasema, "mtu amepaka kwa kidole. Upana wake ni wa kidole."

Ndipo kijana alipoanza kueleza. Michoro ni ya watu waliotangulia, ambao wataalamu huwahusisha na Watwa, wawindaji waliokuwa hapa kabla ya Wasuba na kabla ya Waluo. Hawakuwa mababu wa mtu yeyote kijijini. Hata hivyo ukoo wa Wagimbe waliokuja baadaye waliliheshimu pango, wakalitumia kuombea mvua, na mwiko wao ndio uliolilinda kuliko ua wowote. Akatuomba tusiguse, tusimwagie maji picha ili zing'ae, kama wageni wanavyofanya kwingine. Mpwa wangu aliinua kidole chake, akakiweka hewani mbele ya mstari mwekundu, karibu kuugusa, akapima. Alikaa hivyo muda mrefu. Sikumwambia kitu.

Barabara ya kwenda Thimlich Ohinga ilitujaza vumbi. Ukitoka Homa Bay unakwenda Ndhiwa, kisha unazidi kwenda, hadi unafika kwenye vilima vyenye miti ya miiba, na ghafla kuna ukuta. UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018, lakini wenyeji hawakuhitaji kuambiwa. Jina lenyewe huzungumzia msitu wa kutisha na ngome ya mawe. Ulianza kujengwa yapata karne ya 16, jiwe juu ya jiwe, bila udongo wala saruji, unene wa mita 1 kwa wastani na kwenda juu zaidi ya mita 4 mahali pengine. Waliokaa humo si watu wa kabila moja; waliingia wakatoka, Wabantu na Waniloti, kila mmoja akitengeneza alichokuta. Nilimtajia mpwa wangu hilo kwa makusudi, kwa ajili ya mama yake. Alijibu tu, "Kumbe."

Milango ni mifupi na myembamba, lazima uiname, na anayeinama hawezi kurusha mkuki. Lakini kilichotuchelewesha hapo ni mwamba mmoja uliochongwa mashimo ya bao, ambalo Waluo huliita ajua. Aliyetutembeza, mzee wa makamo, aliokota vijiwe, akavigawa, akachuchumaa. Mpwa wangu hajawahi kucheza bao maishani. Alishindwa mara nne. Mara ya tano mzee alimzuia mkono, akamwonyesha hesabu, akamwacha aendelee, akashindwa tena. Jua lilikuwa limeshuka tulipoondoka, na alikuwa amebeba mfukoni vijiwe vya njiani, si vya mwambani, vya kufanyia mazoezi.

Mama yangu anakaa upande wa Riat, juu ya Kisumu, mahali ambapo jioni unaona ziwa lote limetandazwa chini kama shuka linalokaushwa. Tulipanda matatu mjini, na pale Kondele utingo aliita, "Russia! Wa Russia washuke!" Watu wawili walishuka kwenye hospitali ya rufaa. Mpwa wangu alitoa simu, akaandika.

Tulimkuta mama amekaa kibarazani, sinia la osuga mapajani, anachambua majani. Vidole vyake sasa vimepinda kidogo, lakini bado huvunja bua bila kutazama. Mpwa wangu alimsalimu, akavuta kigoda, akaanza kumsaidia, vibaya, akichanganya majani na mabua, naye bibi akiyatoa mabua kimya kimya. Baada ya muda kijana akafungua orodha yake.

"Dana, kwa nini hospitali inaitwa Russia?"

Nilijua jibu, nikafungua mdomo nilitoe. Iligharimiwa kwa msaada wa Urusi ya zamani. Mama akanitangulia, akasema hivyo hivyo. Kisha akaendelea.

Akasema siku ilipofunguliwa alikuwa na miaka 12, na alikuwepo.

Historia ya siku hiyo imeandikwa. Mboya alikuwa ameuawa Julai, na mji ulikuwa bado na kilio. Tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Jomo Kenyatta alikuja kuifungua hospitali. Yeye na Jaramogi Oginga Odinga wakajibizana hadharani kwa maneno makali, umati ukachemka, na msafara ulipokuwa ukiondoka walinzi wakafyatua risasi. Watu waliuawa, wakiwemo watoto, na idadi yao inabishaniwa hadi leo. Siku tano baadaye chama cha Jaramogi, KPU, kilipigwa marufuku. Hayo nimeyasoma, nimeyaandika hata. Kwamba mama yangu alikuwa pale, amesimama mstarini na sare ya shule, sikuwahi kuambiwa.

Alisimulia bila kuacha kuchambua mboga. Walipewa bendera ndogo za karatasi. Kipaza sauti kilikuwa kikikwaruza, hakushika maneno, alishika tu jinsi wakubwa walivyobadilika nyuso. Kisha mlio, aliodhani ni wa fataki. Alikimbia, akapotewa na kiatu kimoja, akafika nyumbani na kingine mkononi. Baba yake alikichukua kile kiatu, akakiweka darini. Hakuna aliyemuuliza kitu, naye hakusema. Kiatu kilikaa darini hadi nyumba ile ilipobomolewa.

Miaka 48 nimekuwa mtoto wake, na kazi yangu ni kuuliza watu. Sikuwahi kumuuliza kuhusu Russia, kwa sababu nilidhani ninajua.

Giza lilikuwa limeingia. Chini kule taa za wavuvi wa omena zilianza kuwaka juu ya maji, moja moja. Mama aliliweka sinia kando, akapangusa mikono kwenye leso, akamgeukia mjukuu wake.

"Haya, nyakwara. Nisimulie sasa wewe."

Kijana akaniangalia. Sikumsaidia. Akakohoa kidogo, akaanza kwamba hapo zamani, siku moja ya Ijumaa, Dana alipokuwa msichana mdogo...

"Hapana," mama akamkatiza. "Ilikuwa Jumamosi. Anza tena."